Koti la Gwaride

Makoti mapya ya kuzuia moto yalifungiwa kabatini mwaka mzima, yakatolewa siku ya gwaride tu. Hata siku hiyo Afande Lukindo, mkuu wa kituo cha zimamoto, alikataza nailoni isibanduliwe kwenye kofia.

Kabla wageni hawajakata keki, moshi mweusi ukapanda kutoka kiwanda cha magodoro ng'ambo ya barabara.

"Vueni makoti!" Lukindo akafoka. "Vaeni yale ya zamani. Haya yakiungua, mwakani tutavaa nini?"

Hidaya, mmoja wa wazimamoto, alilijua vizuri koti lake la zamani. Lilikuwa na tundu begani, na chini ya tundu hilo yeye alikuwa na kovu. Akamtazama bosi wake, mwanamume ambaye moto wa mwisho kuusogelea ulikuwa wa jiko la mkewe.

Akavua koti jipya, akamvisha. Akamfunga vifungo kimoja kimoja hadi kidevuni, kama anayemwandaa mtoto wa chekechea, kisha akamvika kofia na nailoni yake.

"Hidaya, unafanya nini?"

"Nalihifadhi, Afande. Kwako wewe haliungui hili."

Wenzake wakatazamana. Hakuna aliyegusa kifungo. Wakabandua nailoni, wakakimbilia moto wakiwa na makoti yao mapya.

Hidaya akachukua lake la zamani garini, akawafuata. Lukindo alibaki kando ya keki, jasho likimtiririka ndani ya koti, akiliangalia lile bega lenye tundu likiingia moshini.