Alama ya Kidole Gumba

"Shemeji, imebaki hii tu," mdogo wake marehemu mume wangu aliniambia, akinikabidhi nailoni yetu ya mwisho.

Tunaiita nailoni, lakini tunaipika kwa mabua ya mahindi na unga wa chokaa, kisha tunaimimina juu ya kioo ikauke. Sifa yake ni moja: ukiifukia, sharti ioze.

Niliiinua dirishani. Pembeni palikuwa na alama ya kidole gumba, mistari yake yote wazi. Mume wangu hakuwa na subira hata chembe. Kila mara aliigusa ikiwa mbichi.

"Utaiharibu, bwana we!" nilikuwa nikimfokea.

"Naijulia hali tu," alikuwa akijibu, huku akicheka.

Niliweka kidole changu juu ya ile alama. Kilipwaya.

"Tuifukie?" shemeji aliuliza taratibu. Ndoo ya udongo ilikuwa tayari miguuni pake. "Kaka aliisubiri sana siku hii ya kuijaribu kama itaoza."

"Lete hapa."

Niliifukia mwenyewe, nikaimwagia maji. Na kwa mara ya kwanza tangu tuanze kazi hii, nikamwomba Mungu tuwe tumekosea.