Mama Njiku Aulizwa

Siku hizi laini ya umeme wa upepo ikipangwa kupita makaburini, sheria inataka marehemu aulizwe kwanza; akikataa, inazungushwa. Mimi niliye hai, wakubwa hawajawahi kuniuliza kitu.

Afisa wao aliweka kisanduku cha kuulizia marehemu juu ya kaburi la mke wangu, aliyefia kwenye zahanati isiyo na umeme. Kikasema, kwa sauti yake kabisa: "Baba Njiku, umekula? Waache wanihamishe, umeme ni wa wote."

Nililia. Nikamshukuru yule afisa kwa mikono miwili. Ila katika miaka thelathini ya ndoa, Mama Njiku hakuwahi kukubali jambo bila kubishana kwanza.

"Mzee, weka dole gumba hapa kwenye fomu, kwamba amekubali."

"Sijasikia vizuri, mwanangu," nikamwambia. "Hebu muulize tena."