Gari la Kambi

Koplo Micah Kibii alifungua mlango wa gari, akanusa, akasimama. Ndani mlikuwa na harufu ya mafuta ya nazi ambayo mkewe Jepleting hujipaka kichwani. Mkewe huyo hakujua kuendesha gari.

Aliliwasha. Skrini ikaonyesha gari lilikokwenda mara ya mwisho: Kiamunyi. Simu nayo ikamwonyesha aliyelichukua: Maxwel.

Gari halikuwa lake, wala halikuwa la Maxwel. Lilikuwa mojawapo ya magari machache ambayo kambi yao, nje ya mji wa Nakuru, ilianza kuwaachia askari kutumia kwa zamu. Ukitaka kutoka, unaliwekea nafasi kwa simu na kulifungua kwa simu. Ukirudi unaliegesha kando ya kantini, mwingine analichukua. Wengi walifurahi. Askari anapelekwa operesheni miezi mizima, huku gari lake linaoza chini ya turubai. La nini?

Micah ndiye aliyegoma mpaka mwisho. Alisema mwanamume hawezi kupanga foleni ya gari kama ya maji. Jepleting alimsukuma pole pole hadi akauza Probox yake kwa mkulima mmoja wa viazi wa Kuresoi. Maxwel, rafiki yake, alimuunga Jepleting mkono. Sasa jambo hilo likaanza kumkereketa.

Hakumwuliza mkewe kitu. Jioni alimtazama akimpakulia mtoto wao Kipkemoi ugali. Hakukuwa na ugomvi. Jepleting alikuwa tu kama mtu anayesikiliza redio ya chumba kingine. Aliuliza kama wikendi hii pia Micah ana ile kozi ya Eldoret. Micah akasema hapana, yuko zamu. Jepleting akaitikia, "Sawa," bila kuinua macho.

Jumamosi, Micah alimwomba askari mwenzake Hiram amshikie zamu, akajibanza nyuma ya stoo. Jua lilikuwa kali. Alimwona Jepleting akitoka upande wa nyumba za familia, amevaa nguo yake ya kanisani. Maxwel akamfungulia mlango wa gari. Walipotoka getini, Micah alishika gari lingine, akawafuata.

Kilichomuuma zaidi ni Maxwel. Mke anaweza kukuchoka. Lakini Maxwel walilala naye handaki moja, wakinywa maji ya chupa moja, na humo ndimo Micah alimfungulia siri zake zote, hata zile ambazo hangethubutu kumwambia pasta.

Walipita katikati ya mji, wakashika barabara ya Ravine. Kila walipokaribia njia ya kukata, Micah aliomba kimoyomoyo wapitilize. Hawakupitiliza. Waliingia Kiamunyi, wakapanda barabara ya vumbi, wakasimama mbele ya lango la kijani. Micah akaegesha nyuma yao, mbali kidogo.

Jepleting alishuka. Alinyoosha nguo yake, akabisha, akafunguliwa. Maxwel alibaki ndani ya gari.

Micah alimwendea dirishani.

"Umenifanyia nini, Maxwel?"

Maxwel hakumtazama. "Gari ni la wote, Micah. Kila mtu anaona limetoka wapi."

Kisha akaeleza, kwa sauti ya chini, kwamba siku moja alikuwa akimpeleka Jepleting sokoni, naye akaona jina la hapa kwenye skrini, akauliza. Tangu hapo alikuwa akimleta kila Jumamosi. Jepleting hakuwa akishuka. Alikaa tu ndani ya gari akiangalia lango, halafu akaomba arudishwe. Leo ndiyo amepata nguvu.

"Ungeniambia," Micah akasema. "Wewe ni ndugu yangu."

"Aliniuliza akiniangalia usoni. Nikashindwa kudanganya."

Micah alitaka kumpiga. Badala yake akageuka, akaenda langoni, akapitisha mkono kwenye tundu bila kuinama kuangalia, akasukuma komeo. Mbwa alimjia mbio, akimtikisia mkia, akamrukia magotini. Akamsukuma kando na kuingia ndani.

Jepleting alikuwa ameketi wima sebuleni, chai mbele yake haijaguswa. Mkabala naye alikuwa mwanamke kijana, kiganja mdomoni, amempakata mtoto. Mtoto akateleza kutoka mapajani, akaja akimkimbilia Micah na kumkumbatia mguu.

"Baba!"

Jepleting alimtazama mtoto, kisha akamtazama mumewe.

"Kaa, Baba Kipkemoi," akasema pole pole. "Wachuka alikuwa ananieleza vile nilikufa, na vile ulinizika ukilia."