Nguzo ya Pili

"Kata!" Émérance alipaza sauti, na kidole gumba cha Kambere kikasukuma kijiti cha rimoti. Juu ya uwanja, ndege nyekundu ikalala ubavu, ikaizunguka nguzo kwa kasi ya kutia kizunguzungu, ikanyooka tena.

Haikuwa ndege ya kupanda watu. Urefu wake ni mkono wa mtu mzima, na iliundwa kwa ajili ya mbio tu: mbili zinashindana kuzunguka nguzo tatu, na itakayotangulia kumaliza mizunguko kumi ndiyo imeshinda. Marubani husimama chini, kila mmoja na msaidizi wa kumwambia lini akate kona. Kwa wengine msaidizi ni pambo. Kambere asingeweza hata kuanza bila Émérance, mke wake, maana ugonjwa wa presha ya macho ulikuwa umemwachia mwanga na vivuli tu.

Ndege yenyewe aliiunda kwa kupapasa, chumbani kwao Butembo. Mabawa aliyachonga kwenye frigolite, ile povu nyeupe inayofungashiwa televisheni, na rangi alichagua Émérance. Walipoipeleka mashindanoni Beni ilianguka, bawa likavunjika katikati. Kambere akaliunga kwa gundi na utepe wa skochi, likabaki na kovu nene kama mfupa ulioungwa vibaya. Baada ya hapo akalala akageukia ukuta. Fufu hataki, chai hataki, wageni ndio kabisa.

"Mama Bénite," alimwambia mke wake siku moja bila kugeuka, "tutaijaribu mara moja tena. Kama inaanguka, muniache nilale. Hapana kuniamusha tena."

Hakuwa mtu wa vitisho, huyu. Émérance alitoka nje akalia nyuma ya jiko, kwa sababu alijua amesema kweli.

Ndiyo maana Jumapili hii, baada ya misa, alikuwa amesimama kwenye uwanja wa shule pembeni mwa mji, anatoka jasho katika baridi ile ya Butembo. Mpinzani wao alikuwa Mwalimu Kabongo, mtu wa Kasai ambaye serikali ilimhamishia Beni. Ndege yake ya buluu aliinunua Kampala, laini mwili mzima kama sahani.

"Kata! Nyoosha. Kata!"

Kila mzunguko ulipoisha, Émérance alifanya ishara ya msalaba, haraka haraka, macho ameyafumba, jinsi mama yake alivyomfundisha tangu utotoni. Mzunguko wa kwanza, msalaba. Wa pili, msalaba. Wa tatu, msalaba.

Alipofumbua macho, hewani ilikuwa imebaki ndege moja. Nyingine ilikuwa imekwisha kujichimbia katika shamba la maharage nyuma ya goli.

Watu waliguna. Kambere akashtuka. "Imeanguka ya nani?"

Mwalimu Kabongo akamtupia jicho Émérance, kisha Kambere, ambaye vidole vyake vilikuwa bado vinacheza kwenye vijiti. Alisogea na rimoti yake mpaka akawa karibu nao kabisa.

"Ya mwalimu," Émérance akasema. "Yako iko inaruka. Tuendelee. Kata!"

Ndege ikakata kona.

Umati wa Butembo hauwezi kunyamaza hata msibani, lakini siku hiyo ulinyamaza. Zikabaki sauti mbili tu: mlio wa mota na sauti ya Émérance. Akisema kata, inakata. Akisema nyoosha, inanyooka. Kilio kilikuwa kimemfika kooni. Alijua akikiachia tu, mume wake amekwisha. Alimwomba Mungu, safari hii macho wazi.

"Moteur imebadilika sauti," Kambere akasema.

"Ni mupepo. Kata!"

"Lakini iko nanisikia leo," akasema tena, kwa sauti ya chini. "Iko nanisikia sana."

Uso ambao ulikuwa umefungwa tangu Beni ukaanza kulegea. Émérance alipouona, aliogopa zaidi kuliko mwanzo. Aliita kona za mwisho kwa sauti iliyopasuka, mpaka mstari wa kumalizia ukapita chini ya ndege.

"Zima moteur. Sasa telemusha polepole. Polepole, Papa Bénite."

Ndege ilishuka, ikateleza kwenye majani, ikatulia. Umati ukalipuka, "Kambere! Kambere!" na mama mmoja akapiga vigelegele. Mwalimu Kabongo alimpa Kambere mkono wa pongezi.

"Félicitations, Papa Bénite. Umenipiga."

"Niletee niishike," Kambere akasema.

Émérance alimwangalia mwalimu, mwalimu akaangalia chini. Halafu mwalimu akaenda mwenyewe, akaiokota ndege, akaiweka katika mikono ya Kambere.

Kambere alipitisha vidole juu ya bawa, taratibu, kutoka ncha hii mpaka ncha ile. Akarudia. Kila mahali lilikuwa laini. Kisha akamrudishia mwalimu ndege.

"Asante sana, mwalimu. Iko muzuri. Lakini kwa nguzo ya pili, uko nachelewa kukata." Akanyoosha mkono hewani, akautafuta wa mke wake mpaka akaupata. "Mama Bénite, twende tutoe yangu mu maharage, batu basiikanyange. Kesho tunaitengeneza."