Jenereta Chini ya Dirisha

Bomba la moshi lilikuwa limeelekea dirisha la chumba chake cha kulala.

Ruguru aliliona alipomletea mwanawe chai. Kijana alikuwa amechuchumaa, akikaza nati ya mwisho ya jenereta kwenye simiti iliyokauka jana. Ilikuwa ya dizeli, mpya, nzito kama ndama, na alikuwa ameileta hadi Karurumo bila kuombwa, yeye ambaye hata sukari huisahau. Wiki iliyopita alikuwa ameulizia hati ya shamba. Mara mbili.

Machale yakamcheza mama.

"Na huo moshi?"

"Usijali, Mama. Upepo wa hapa unaenda kule chini kwa migomba. Stima ikipotea usiku, nitakuwashia mwenyewe. Wewe lala tu."

Upepo wa hapa! Miaka arobaini Ruguru alikuwa amepepetea maharagwe mahali hapohapo, mingine na kijana huyuhuyu mgongoni.

Aliweka kikombe chini, akaingia jikoni, akatoka na uteo wa maharagwe yaliyopurwa asubuhi. Akasimama kando ya jenereta, akayarusha mara moja.

Maharagwe yalirudi kwenye uteo. Makapi yakapaa, yakapita juu ya bomba, yakaingia dirishani na kutua kwenye mto wake.

Wakayatazama wote wawili.

"Leo tubadilishane vyumba," Ruguru alisema, akimsogezea chai. "Wewe utalala humo."

Kijana hakugusa kikombe. Aliokota spana, akaanza kufungua nati.