Filamu Mbovu ya Baba

Msichana wa kwenye runinga alishashika kitasa, na nyuma ya mlango muuaji ameinua shoka lake la plastiki.

Mshonaji alimtupia jicho baba yake kitandani. Tangu kiharusi kimwangushe, miezi minne sasa, mzee huyo, mchomeleaji vyuma, hakuwa ametamka hata neno moja. Daktari alishauri muziki wa taratibu. Mshonaji akafukua filamu ya kutisha ambayo hakuna aliyewahi kuisifu, damu yake rangi tupu, vijana wake hawana akili hata ya kuazima. Zamani yeye na baba waliwapigia kelele vijana hao mpaka majirani wakagonga ukuta.

Kidole gumba cha baba, chenye kovu la moto, kikamkandamiza kiganjani.

“Usi…” Midomo ya baba ilipinda, mate yakamchuruzika. “Usifungue, we! Mjinga!”

Msichana akafungua. Akafa, kama kawaida yake.

Mshonaji hakufuta machozi.

“Asante, mdogo wangu,” akamwambia yule marehemu wa kwenye runinga. “Nivumilie tu. Rudi tena mlangoni.”

Akabonyeza rimoti.