Gunia la Juu

Nilishona magunia ya maharagwe miaka tisa katika depo moja ya mazao mjini Baraka, Kongo. Renilde alikuja juzi tu kutoka Burundi, na shefu, bosi wetu, akampa yeye kuendesha mashine ya kuinua mizigo. Nilimwonea wivu.

Asubuhi moja kandambili yake ilimvuka mguuni, ikaanguka chini ya mzigo wa magunia aliouinua. Akashuka kuiokota. Niliona gunia la juu likiteleza. Nilifungua kinywa nimwite, kisha nikakifunga.

Magunia yalimwangukia, yakapasuka na kumvunja mguu. Nilikuwa wa kwanza kumfikia. Maharagwe yalikuwa yamejaa katika nywele zake, mengine yamegandamana na damu. Akanishika mkono.

"Aksanti, dada. We uliona vile yalianguka?"

"Apana," nikamwambia. "Mi sikuona kitu."

Hakuniachilia mkono.